Gunia Lina Namba, Mkulima Hana: Historia Fupi ya Rejista za Mahindi Kitale na Bungoma

Nimekuwa kimya majuma matatu kwa sababu ya kazi, naomba radhi. Leo badala ya msimbo nataka niwape historia kidogo. Wale waliokuja kutafuta MySQL wavumilie, kwani hadithi yenyewe ni ya hifadhidata, ila ilianza kabla tarakilishi hazijafika huku kwetu.

Kwa wasionijua: nilisomea sayansi ya kompyuta, na kazi yangu ya mchana ni kuratibu na kuhudumia mifumo ya shirika moja la serikali katika ofisi zake za magharibi mwa Kenya. Shirika sitalitaja, bado nataka kula ugali. Wiki moja niko Kitale, wiki nyingine Bungoma. Napanda matatu Kitale, napita Kiminini, Kamukuywa na Misikhu, nashuka Webuye na kudandia nyingine. Watu hudhani kazi yangu ni kurekebisha printa. Printa zipo, na hukwama kweli. Lakini kinachonila muda ni swali moja linalorudi kila siku: je, huyu mtu aliyesimama dirishani ndiye yule aliye ndani ya mfumo?

Mwezi uliopita alikuja mama mmoja na kitambulisho chake mkononi. Tulipotafuta jina lake tukampata mara mbili. Rekodi ya kwanza ilikuwa na namba ya simu ya marehemu mumewe, ya pili ilikuwa na namba ya kijana wake aliyeko Nairobi. Mfumo ulikuwa umekataa kumhudumia kwa sababu haukujua ni yupi. Mama akanitazama akasema, "Mwanangu, mimi ni mmoja tu."

Nilirudi nyumbani nikiwaza hilo, na ndipo nikaanza kusoma jinsi serikali ilivyowahesabu wakulima wa pande hizi. Nilichokuta kilinishangaza. Tatizo la mama yule lina umri mkubwa kuliko Kenya huru.

Reli ilifika Kitale mwaka 1926. Wakati huo Trans Nzoia ilikuwa ardhi ya walowezi, na zao lao kubwa lilikuwa mahindi. Walikuwa na chama chao, Kenya Farmers' Association, kilichoundwa mwaka 1923. Mlowezi aliyepeleka mahindi kwenye chama alikuwa na akaunti: jina lake, magunia aliyoleta, alicholipwa, anachodaiwa. Kwa lugha yetu sisi waandishi wa programu, kulikuwa na jedwali la wakulima, na kila gunia lilimwelekea mwenyewe.

Ikaja Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 1942 serikali ya kikoloni ikaanzisha udhibiti wa mahindi: yeye peke yake ndiye mnunuzi, bei anapanga yeye, na hakuna kuyasafirisha kiholela. Kwa walowezi wa Kitale kazi ya uwakala ilibaki kwa chama chao. Kwa hiyo akaunti zao ziliendelea kama kawaida.

Sasa vuka uje huku Bungoma. Enzi hizo ilikuwa sehemu ya wilaya iliyoitwa North Kavirondo, baadaye North Nyanza. Elgon Nyanza ikakatwa mwaka 1956, na jina la wilaya ya Bungoma likaja na uhuru. Hapa mkulima alibeba mahindi yake hadi kwa mfanyabiashara aliyeteuliwa kununua. Yakapimwa, akapewa senti zake, akaenda zake. Mfanyabiashara akayachanganya na ya wengine hadi gunia likajaa. Kilichoingia kwenye vitabu vya serikali ni lile gunia. Jina la mkulima lilikufa pale kwenye mizani. Na bei yake ilikuwa chini kuliko ya mlowezi, kwa sababu juu yake zilikatwa gharama za usafiri na ushuru uliokwenda kwenye mifuko ya maendeleo ya wilaya, fedha ambazo yeye binafsi hangeweza kudai hata senti, maana hapakuwa na ukurasa wenye jina lake.

Tafadhali tazama vizuri jambo hili, kwa sababu ni la kiufundi kama lilivyo la kisiasa. Ni serikali ile ile, zao lile lile, miji miwili ambayo unaweza kuizunguka kwa asubuhi moja. Kitale, ufunguo mkuu wa jedwali ni mkulima. Bungoma, ufunguo mkuu ni gunia. Aliyekuwa na jina kwenye leja aliweza kulalamika, kukopa, kufidiwa mvua ikigoma. Aliyekuwa ndani ya gunia hakuweza.

Ungedhani uhuru ungesambaza muundo wa Kitale hadi Bungoma. Ukiniuliza mimi, ilikuwa kinyume.

Mwaka 1959 ilikuwa imeundwa Bodi ya Soko la Mahindi ya nchi nzima. Kuanzia mwaka 1962 mashamba ya walowezi yakaanza kununuliwa na kukatwa vipande kwa mpango wa ekari milioni moja, na Trans Nzoia ikapata wakulima wadogo wengi mahali palipokuwa na wakubwa wachache. Mwaka 1964 Kitale ikatoa mbegu chotara ya 611, ambayo ilizaa kuliko za kienyeji na ikaenea kwa kasi. Kenya Seed ilikuwa pale pale mjini tangu mwaka 1956. Mahindi yakawa mengi, wauzaji wakawa wengi zaidi, lakini vitabu havikuongeza kurasa. Mkulima mdogo aliuza kupitia chama cha ushirika au dalali. Bodi iliona lori.

Uhaba wa mwaka 1965 ulizua kelele hadi ikaundwa tume ya uchunguzi mwaka 1966. Bodi ikaunganishwa na nyingine ikawa Maize and Produce Board, na mwaka 1979 ikaunganishwa tena na ile ya ngano tukapata NCPB, Bodi ya Kitaifa ya Nafaka na Mazao, ambayo maghala yake mnayajua. Majina yalibadilika, mabango yakapakwa rangi upya. Muundo wa jedwali ukabaki.

Hata kibali cha kusafirisha mahindi, kilichowasumbua wazee wetu vizuizini hadi soko lilipofunguliwa mwishoni mwa mwaka 1993, kilihesabu magunia. Kina mama waliouza kwa gorogoro walijua hesabu hiyo vizuri kuliko askari.

Kompyuta nazo? Hapa najua wengi mnangoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Wizara ya Kilimo ilikuwa miongoni mwa wizara za kwanza barani kuwekewa kompyuta ndogo za mezani, kwa msaada wa washauri kutoka chuo cha Harvard. Ni historia ya kujivunia, na imeandikwa kwenye majarida ya kitaaluma. Lakini zilikuwa Nairobi, na kazi yake ilikuwa bajeti na matumizi: fedha ngapi zimetengwa, ngapi zimetumika, fungu gani limekauka. IFMIS, mfumo wa fedha ulioanza kuingia wizarani mwaka 2003 na kaunti zetu zikaukuta zilipozaliwa mwaka 2013, ni mjukuu wa wazo hilo hilo. Ni mifumo ya lazima. Ila inaijua vocha, haimjui Wafula.

Gharama ya kutomjua Wafula ilionekana mwaka 2018. Serikali ilikuwa imetangaza kununua gunia la kilo 90 kwa shilingi 3,200, bei nzuri kuliko ya soko. Basi wafanyabiashara wakakusanya mahindi ya bei rahisi, mengine yakidaiwa kutoka nje ya nchi, wakayaingiza maghalani kama wakulima. Wenye mashamba wakalala kwenye foleni za malori, na wengi wakakaa miezi bila malipo. Bunge likachunguza, wakubwa wakapoteza vyeo. Nilikuwa mwanafunzi wakati huo na nilisoma habari zile kama kila mtu: wezi, wezi, wezi. Leo nikizisoma upya naona kitu kingine pia. Ghala liliweza kupima unyevu wa mahindi hadi nukta. Halikuwa na njia ya haraka ya kujua kama aliyeyaleta ana shamba. Mwizi mzuri hutafuta uwanja usiokaguliwa, na katika mfumo huu uwanja huo ulikuwa "mkulima".

Mabadiliko ya kweli yakaja kwa mlango wa mbolea.

Septemba 2022 serikali mpya iliteremsha bei ya mfuko wa kilo 50 hadi shilingi 3,500, kutoka karibu 6,500. Mwaka 2023 ukashuka tena hadi 2,500. Ukiuza kitu chini ya bei ya soko kwa kiasi hicho, lazima ujue unamuuzia nani, la sivyo hadithi ya 2018 inajirudia kwa upande wa pili. Kwa hiyo mapema mwaka 2023 machifu na manaibu wao wakapewa kazi ya kuwasajili wakulima kijiji kwa kijiji: jina, namba ya kitambulisho, simu, ukubwa wa shamba, unalima nini. Data ikaingia kwenye mfumo uitwao KIAMIS. Zaidi ya wakulima milioni 6 wakaandikishwa nchini. Mkulima akapata arafa kwenye simu, vocha isiyo ya karatasi, ikimwambia mifuko mingapi na aichukue wapi.

Kwa mara ya kwanza mkulima wa Chwele na wa Kiminini wakawa na safu katika jedwali moja, kila mmoja kwa jina lake. Ilichukua miaka 81 tangu ule udhibiti wa 1942. Sikuona gazeti lililolisema hivyo, kwa hiyo nalisema mimi.

Lakini sasa turudi kwa ufundi, maana hapa ndipo kazi ya watu kama mimi inapoanza. Ufunguo mzuri wa rekodi una sifa mbili: haubadiliki, na hauna mwenza. Namba ya simu haina hata moja. Huku kwetu simu ni ya nyumba. Laini ilisajiliwa kwa jina la mume, inashikwa na mke, na arafa inasomwa na mtoto wa darasa la sita. Namba ikikaa bila kutumika, kampuni ya simu humpa mtu mwingine. Kitambulisho ni bora zaidi, lakini shamba la ekari mbili lina watu wazima wanne wenye vitambulisho, na wote wanalima kweli. Nani mkulima? Ukiandika baba, umemfuta mama anayepalilia. Ukiwaandika wote, ekari mbili zimekuwa nane. Hakuna mstari wa msimbo utakaokuamulia hilo. Chifu aliamua pale pale chini ya mwembe, na uamuzi wake ndio ulioingia kwenye seva.

Katika shirika ninalofanyia kazi mimi, ambalo lina rejista yake nyingine kabisa, nimekuta karani mmoja aliyejaza namba yake mwenyewe kwa wazee 40 wasio na simu. Nilikasirika. Kisha akanieleza: fomu ilikataa kuhifadhi bila namba, na wazee walikuwa wametembea tangu alfajiri. Angefanyaje? Aliyeifanya sehemu ile ya lazima alikuwa ofisini penye kiyoyozi. (Kusema kweli, mimi mwenyewe nimeandika fomu za namna hiyo.) Tulichofanya ni kuruhusu sehemu ya simu iwe tupu na kuongeza jina la mtu wa kumfikia mzee. Mabadiliko ya mistari michache tu, yaliyochukua miezi minne ya barua kupata kibali.

Machi 2024 rejista ya mbolea ikapata mtihani wake. Iligundulika kuwa baadhi ya mifuko iliyouzwa katika mpango wa ruzuku, kupitia maghala ya umma, haikufikia kiwango. Wakulima walikuwa wameshapanda. Hebu fikiria jambo hilo likitokea mwaka 1995: ungempata vipi aliyenunua? Safari hii serikali iliweza kuahidi fidia, kwa kuwa mauzo yalifanywa kwa vocha zenye majina. Ahadi ya namna hiyo isingewezekana kwa mkulima aliyefichwa ndani ya gunia.

Lakini ona jinsi jedwali lilivyopinduka. Miaka yote ile serikali ilijua gunia bila kumjua mkulima. Mwaka 2024 ilimjua mkulima hadi namba ya simu, na isijue kilichomo kwenye mfuko aliouziwa. Mfuko haukuwa na namba yake binafsi ya kuufuata kutoka kiwandani hadi shambani, kama kisanduku cha dawa kinavyoweza kufuatwa. Jedwali moja limejaa, la pili bado tupu, na kiungo kati yao hakipo. Kama kuna kijana anayesoma hapa na anatafuta mradi wa mwaka wa mwisho chuoni, anzia hapo, acha kuandika programu nyingine ya kukopesha pesa.

Na yule mama? Rekodi mbili haziunganishwi kwa kubonyeza tu. Ya marehemu ina historia ya malipo, ya pili ina kitambulisho sahihi, na ukifuta moja unafuta nusu ya maisha yake. Inahitajika barua ya chifu, nakala ya cheti cha kifo, na sahihi ya mkubwa wangu. Cheti amekipata wiki hii. Jumatatu niko Bungoma, nimemwambia aje mapema kabla mtandao haujalemewa, na kijana wake ameahidi kuwa hewani ili tuiondoe namba yake.