Saratani ya Puru na Visu Vilivyoifuata

Kati ya mwaka 1899 na 1906, daktari mpasuaji William Ernest Miles wa London aliwapasua wagonjwa 57 wa saratani ya puru, kipande cha mwisho cha utumbo mpana kabla ya njia ya haja kubwa. Aliwapasua kwa chini, akiingilia katikati ya makalio, kama ilivyokuwa desturi ya wapasuaji wengi wa enzi hizo. Kisha akawafuatilia mmoja mmoja. Ugonjwa uliwarudia watu 54.

Miles, mzaliwa wa Trinidad, hakuridhika kuulaumu ugonjwa. Alikwenda chumba cha maiti, akawafungua waliokufa, akaanza kutafuta. Alichokuta ni saratani iliyojichimbia mahali ambapo kisu chake hakikuwahi kufika: kwenye tezi za limfu zilizopanda kando ya mishipa ya damu ndani ya tumbo, na kwenye nyama za nyonga. Akahitimisha kwamba ugonjwa huu husambaa kwa njia tatu, kwenda juu, kwenda pembeni na kwenda chini, na kwamba njia ya juu ndiyo iliyokuwa ikiwaua wagonjwa wake.

Waliomtangulia hawakuwa na ramani ya aina hiyo. Mfaransa Jacques Lisfranc alipokata uvimbe wa puru mjini Paris mwaka 1826, dawa ya usingizi ilikuwa bado haijaanza kutumika; etha ilionyeshwa hadharani Boston miaka 20 baadaye. Daktari wa zama hizo aliondoa alichoweza kukifikia kwa kidole, tena haraka, mgonjwa akiwa macho. Mjerumani Paul Kraske alipiga hatua mwaka 1885 kwa kuondoa kifandugu na kipande cha mfupa ulio juu yake ili apate nafasi zaidi ya kufanyia kazi. Mlango ulipanuka, lakini shabaha ilibaki ileile: uvimbe wenyewe, si njia zake.

Mwaka 1908 Miles alichapisha upasuaji mpya katika jarida la Lancet. Mgonjwa alilazwa chali, tumbo likafunguliwa, utumbo ukakatwa, na ncha yake ya juu ikatolewa nje upande wa kushoto wa tumbo ili choo kipitie hapo maisha yote. Baada ya hapo aligeuzwa ubavu, na puru yote ikaondolewa kwa chini pamoja na misuli ya njia ya haja kubwa, mafuta yanayoizunguka na tezi zake. Kati ya wagonjwa 12 wa kwanza, 5 walikufa. Hiyo ilikuwa bei ya kutisha hata kwa nyakati zile, ila waliookoka walikuwa na tumaini ambalo wengi wa wale 57 hawakulipata. Kadiri dawa za usingizi, utiaji damu na baadaye viuavijasumu vilivyoimarika, vifo vilipungua, na kwa miongo kadhaa jina la Miles likawa ndilo jina la tiba yenyewe.

Maisha ya waliopona hayakuzungumzwa sana katika majarida ya madaktari. Choo kilitoka tumboni bila hiari, na mtu alijifunga vitambaa, mikanda na vyombo vilivyovuja na kunuka. Aliyelishughulikia jambo hili hakuwa mpasuaji bali muuguzi wa Denmark, Elise Sørensen. Dada yake, baada ya kupasuliwa, aliogopa hata kutoka nyumbani. Mwaka 1954 Sørensen alibuni mfuko wa plastiki wenye gundi unaobandikwa moja kwa moja kwenye ngozi na kutupwa ukishatumika. Ni vigumu kutaja kifaa chochote cha chumba cha upasuaji kilichowarudishia wagonjwa hawa heshima kuliko mfuko huo.

Wakati huo ramani ya Miles ilikuwa imeshaanza kusahihishwa. Katika hospitali ya St Mark's, London, mwanapatholojia Cuthbert Dukes alikusanya puru zilizokatwa, akazichambua tezi kwa tezi na kulinganisha alichokiona na maisha ya mgonjwa baadaye. Mwaka 1932 alitangaza madaraja matatu: A, saratani ikiwa bado ndani ya ukuta wa utumbo, B, ikiwa imeuvuka ukuta, C, ikiwa imefika kwenye tezi. Madaktari bado wanazitaja herufi hizo leo. Lakini jambo kubwa zaidi lililotokana na uchunguzi wa aina hiyo ni kwamba saratani ya puru hushuka chini kwa nadra sana. Kama ni hivyo, kwa nini kila mgonjwa aondolewe njia yake ya haja kubwa?

Claude Dixon wa Mayo Clinic, Marekani, alijibu mwaka 1948 kwa taarifa ya wagonjwa wapatao 400 waliokatwa kipande chenye ugonjwa, ncha mbili za utumbo zikaunganishwa tena. Waliofariki kwa upasuaji walikuwa chini ya 3 kwa kila 100. Vifaa vya kushona utumbo kwa pini za chuma, vilivyoendelezwa katika taasisi za Urusi ya Kisovieti, viliwezesha baadaye kuunganisha hata chini kabisa, mahali ambapo mkono wenye sindano ulishindwa kupenya.

Hata hivyo saratani iliendelea kurudi ndani ya nyonga, na wengi waliona ni bahati mbaya tu. Bill Heald, mpasuaji wa mji mdogo wa Basingstoke nchini Uingereza, alikataa. Mwaka 1982 aliandika kwamba siri imo kwenye mesorektamu, bahasha ya mafuta inayoifunika puru. Ndani ya mafuta hayo alikuta vipunje vya saratani sentimita kadhaa chini ya uvimbe unaoonekana. Wapasuaji walikuwa wakiingiza mkono na kubandua kwa nguvu, bahasha inachanika, ugonjwa unabaki. Heald alikata taratibu kwa ncha kali, macho yakiona kila hatua, akifuata utando mwembamba usio na damu uliopo kati ya bahasha na nyonga. Alipata marejeo chini ya asilimia 5, huku kwingineko robo ya wagonjwa au zaidi wakirudiwa.

Mwaka 1986 Phil Quirke na wenzake wa Leeds waliongeza ushahidi. Walizikata puru mapande membamba kama mkate, wakaangalia ukingo wa pembeni badala ya ncha mbili peke yake. Kati ya wagonjwa 52, 14 walikuwa na saratani iliyogusa ukingo huo, na karibu wote hao walirudiwa.

Kwa Afrika Mashariki fundisho la Heald lina uzito wake. Denis Burkitt, mpasuaji aliyefanya kazi katika hospitali ya Mulago, aliona ugonjwa huu kuwa adimu Uganda na akauhusisha na vyakula vyenye nyuzinyuzi. Siku hizi si adimu tena, na wengi hufika hospitalini wakiwa wamechelewa. Mashine za mionzi, tiba nyingine ya saratani, ni chache, lakini mbinu ya Heald inadai mafunzo na subira kuliko mitambo.

Kabla hata ya Heald, mionzi nayo ilikuwa imeanza kuibadilisha hadithi. Huko Detroit mwaka 1974, Norman Nigro aliwapa wagonjwa watatu wa saratani ya jirani, ile ya njia ya haja kubwa yenyewe, dawa na mionzi kabla ya kuwapasua. Wawili walipopasuliwa, uvimbe haukuonekana. Wa tatu alikataa kisu. Saratani hiyo leo hutibiwa kwanza bila kupasua. Angelita Habr-Gama wa São Paulo aliliuliza swali hilohilo kwa puru, na mwaka 2004 alitoa taarifa ya wagonjwa 265, ambao 71 kati yao uvimbe ulitoweka wote baada ya dawa na mionzi, wakaachwa bila kupasuliwa na kuchunguzwa mara kwa mara. Wapasuaji wengi walimpinga. Mwaka 2018 kumbukumbu za nchi nyingi, zenye wagonjwa 880 walioangaliwa kwa namna hiyo, zilionyesha kwamba kwa takriban mmoja kati ya wanne uvimbe huota tena ndani ya miaka miwili, na karibu kila mara huota kwenye ukuta wa utumbo palepale, mahali ambapo kidole na kamera hupafikia na ambapo upasuaji bado unawezekana.