Jicho la Nzi wa Manyoya

Kabla ya mwaka 1905, mito ya baridi ishukayo kutoka Mlima Kenya kuelekea Kiirua na nchi yote ya Meru haikumjua samaki aitwaye trauti. Ni Ewart Grogan, mlowezi yule aliyepata kusafiri toka Cape hadi Cairo, aliyeagiza mayai yake kutoka Uskoti akayatia katika Mto Gura, huko Nyandarua, na baadaye samaki huyo akaenezwa katika mito mingine ya nyanda za juu. Pamoja naye ilikuja ada ya kumvua kwa nzi wa bandia, yaani manyoya yaliyofungwa kwa uzi juu ya ndoana, na ufundi huo ukawa riziki ya Wakenya wengi.

Katika kazi hiyo, jicho la nzi huyo ndilo linaloniajabisha. Zamani lilikuwa unyoya wa shingo ya kuku mwitu wa Bara Hindi, wenye doa jeupe ling'aalo kama ukucha. Ndege huyo alipoadimika na biashara yake kuharimishwa, mafundi walishika rangi: tone jeupe, likikauka, tone jeusi kwa ncha ya kijiti. Zikaja shanga mbili za mnyororo wa chuma, ambazo fundi, ndoana ikiwa imebanwa kwenye jiliwa, huzifunga kwa uzi uliopishana msalaba. Uzito wake huipindua ndoana, ncha ikaelekea juu, isikwame maweni. Macho ya risasi huzama upesi zaidi, lakini kwa vijito vyembamba vya mlimani, nayaona ni israfu tupu.