Tarehe ya Jigi Nyepesi, Kutoka Kansas City Hadi Mito ya Ozark

Wa kwanza katika tarehe hii ni Chuck Woods wa Kansas City. Jina lake naliweka mwanzo kabisa kwa makusudi, kwa kuwa wapo watu, tena wenye majarida yao, wanaodai kwamba uvuvi mwepesi wa besi ulizaliwa California katika miaka ya 1970 na 1980, kwenye mabwawa yale ya maji maangavu yenye kina, na kwamba huku kwetu uliletwa ukiwa umekwisha kukomaa. Wanasema hivyo kwa kuwa hawakuwauliza wazee. Wangefika hapa kwenye mpaka wa Missouri na Kansas wangeonyeshwa visanduku vya chambo vilivyokuwa vikitumika kabla ya wao kuzaliwa.

Besi ninayemsema ni wa ukoo wa yule aliyepelekwa ziwa Naivasha, Kenya, mwaka 1929, ambaye nilimjua utotoni kabla sijajua kwamba kwao ni Marekani. Wa Naivasha ni mdomo mkubwa, samaki wa maji yaliyotulia. Mito ya vilima vya Ozark, huku kwetu Missouri, inamjua zaidi ndugu yake, mdomo mdogo, mwenye rangi ya shaba na jicho jekundu. Huyu hapendi matope. Anataka maji yanayokwenda na sakafu ya mawe, na chakula chake kikuu ni kamba wa mtoni. Wavuvi wa Naivasha wanamjua kamba huyo tangu mmoja wa jamii yake alipoingizwa ziwani mwaka 1970, naye besi akamgeuza kitoweo.

Nirudi kwa Woods. Mwaka 1949 Nick Creme wa Akron, Ohio, alikuwa amepika mnyoo wa plastiki jikoni kwake pamoja na mkewe. Mnyoo ule uliuzwa ukiwa na mapambo yake yote: ndoana tatu za mfululizo, shanga, na kipangaboi kidogo mbele. Watu wakautupa majini hivyo hivyo kama ulivyotoka dukani. Woods akaukata. Alichukua kipande cha kama inchi nne, akakichomeka kwenye jigi, yaani ndoana iliyoyeyushiwa risasi kichwani, akaiacha ncha ya ndoana wazi. Ni kipande cha plastiki, ndoana moja na risasi ndogo, basi. Mzee aliyenifundisha kuvua alikuwa akisema kwamba kila kilichoitwa kipya baada ya siku ile ni kisu cha Woods kinachorudi mezani, na mimi namwamini.

Hakuishia hapo. Akatengeneza Beetle, kijidudu kinene cha plastiki chenye mkia wa panda, akakitundikia waya uliokunjwa kama pini ya nepi, na kwenye ncha ya waya kibati kinachozunguka. Hiyo ndiyo Beetle Spin, na mpaka leo ukiingia duka lolote la zana za uvuvi katika jimbo hili la Missouri utaikuta imening'inia karibu na mlango, maana watoto ndio wanaoitaka. Akatengeneza pia Puddle Jumper. Mtu mmoja, chambo tatu, na zote zingali zinavua.

Virgil Ward wa Amsterdam, Missouri, mwenye kampuni ya Bass Buster, ndiye aliyeziuza kazi za Woods nchi nzima, na mwaka 1962 alitwaa ubingwa wa dunia wa uvuvi wa maji baridi. Mwenzao katika uvuvi huu, Harold Ensley, alikuwa na kipindi chake cha televisheni Kansas City tangu 1953.

Hapa lazima niseme habari ya rili, kwa kuwa ni ajabu, na bila yake jigi ya Woods isingetoka mkononi. Chambo kizito huweza kuzungusha gurudumu la mshipi kwa uzito wake. Chambo cha gramu mbili hakiwezi: gurudumu litakataa kuanza, au litaanza kisha likimbie kuliko chambo, na mshipi wote ujifunge mafundo. Fundi saa mmoja wa Rotan, Texas, R. D. Hull, alimwona karani dukani akivuta uzi wa kufungia vifurushi. Uzi ulichomoka juu ya kigurudumu pasipo kigurudumu chenyewe kuzunguka. Hull akaupeleka ujuzi huo Tulsa, kwa kampuni iliyoitwa Zero Hour Bomb Company, ambayo kazi yake ilikuwa kutengeneza mabomu ya saa ya kulipulia visima vya mafuta. Mwaka 1949 wenye mabomu wakaanza kuuza rili za samaki. Inasimuliwa kwamba kifurushi cha rili kilipopelekwa kwa Rais Eisenhower kikiwa na jina la kampuni juu yake, walinzi walikizamisha majini kwanza. Mwaka 1956 kampuni ikajiita Zebco. Mafundi wa jigi baadaye walihamia rili ya wazi, kama ile Mitchell 300 ya Ufaransa, lakini siri ni moja: gurudumu limetulia, mshipi unachomoka wenyewe, na chambo chepesi kama punje ya karanga kinaruka hadi ng'ambo ya kijito.

Sasa niingie katika shauri la California. Mwaka 1971 Ray Scott alifanya mashindano ya kwanza ya Bassmaster Classic. Wavuvi 24 walipandishwa ndege bila kuambiwa wanakwenda wapi, na wakaruhusiwa kubeba zana zisizozidi ratili kumi. Walitajiwa ziwa wakiwa angani: Lake Mead, kati ya Nevada na Arizona. Bobby Murray wa Arkansas ndiye aliyeshinda, dola 10,000. Lakini miongoni mwa wale 24 alikuwamo Drew Reese wa Kansas, mwanafunzi wa njia ya Woods, na wazee wa Kansas husimulia kwamba alikwenda na jigi ile ile yenye kipande cha plastiki na akawapita wengi waliobeba vyuma vizito. Ratili kumi za jigi ni maelfu ya jigi. Basi nauliza: kama kijana wa Kansas aliitupa jigi hii katika maji ya magharibi mwaka 1971, nani alimfundisha nani? Don Iovino na wenzake walifanya kazi nzuri kusini mwa California, siwanyimi. Wajapani nao walitufundisha kutundika risasi chini ya ndoana. Lakini hao wote walikuja baadaye.

Upande wa Missouri kuna nyumba ya Hibdon wa Gravois Mills, waongozaji wa wavuvi kizazi kwa kizazi. Guido Hibdon, bwana wa mshipi mwembamba na chambo kidogo, alishinda Classic ya 1988. Mwanawe Dion akashinda ya 1997.

Kisha akaja Ned Kehde wa Lawrence, Kansas, ambaye alikuwa mtunza nyaraka katika Chuo Kikuu cha Kansas. Huyu ni mwandishi wa tarehe kweli kweli. Kila anapotoka kuvua huandika siku, hali ya upepo, nyuzi za joto la maji, mahali na idadi ya samaki, na lengo lake ni besi 101 kwa saa nne. Ukubwa wa samaki haumshughulishi, idadi ndiyo inayomwambia kama njia inafanya kazi. Mwaka 2006, alipovua na Shinichi Fukae wa Japani, walikata katikati kijiti cha plastiki cha inchi tano na kukichomeka nusu yake kwenye jigi ya kichwa cha uyoga. Plastiki ile ilikuwa ya aina mpya inayoelea na kunyumbuka kama mpira. Ilipogusa chini haikulala. Kichwa kilikaa sakafuni na mkia ukasimama, kama kamba wa mtoni anapoinua makucha kumtishia adui. Kampuni ya Z-Man ya South Carolina ikaifanya bidhaa, na dunia ikaiita jigi ya Ned.

Yeye mwenyewe hakujiita hivyo. Ameandika mara nyingi kwamba asili ni Woods na wenzake, na kwamba njia hii iitwe kwa jina la nchi yetu ya kati, si kwa jina lake. Na hapo ndipo ninapowashangaa wanaobishana nami. Mwenye jina amelikataa, amemtaja aliyemtangulia, na bado wanatafuta mwanzilishi pwani.

Kosa moja la wasimulizi wa Kansas nalo nilisahihishe. Wao huzungumza mabwawa tu, kwa kuwa ndiyo waliyo nayo. Mimi nasema jigi hii imepata nyumba yake mitoni, Gasconade, Niangua, Jacks Fork, Big Sugar Creek. Zamani mtu aliweza kushuka kwa mtumbwi bapa wa mbao kutoka Galena kwenye mto James hadi White River na kufika Branson, siku tano majini, karibu maili 125, na Jim Owen alifanya biashara kubwa kwa safari hizo. Bwawa la Table Rock lilipokamilika mwaka 1958 safari ile ikafa. Maji waliyopita yako leo chini ya ziwa. Mto Buffalo, ng'ambo ya Arkansas, uliponea chupuchupu: watu walipigania usizibwe, na mwaka 1972 ukawa mto wa kwanza wa taifa.

Kijitoni huhitaji mashua. Unahitaji viatu vya kukanyagia mawe, ufito wa futi sita na nusu wenye ncha laini, mshipi wa kusuka wa ratili nane au kumi, na mbele yake futi nne za mshipi usioonekana wa ratili sita. Jigi ni ya sehemu ya 16 ya aunsi. Maji yakiwa goti na polepole, shuka hadi ya 32. Yakiwa kasi, panda hadi ya nane. Kupata uzito ndiko kuvua. Risasi ikizidi, jigi inapiga mbizi na kujibana kati ya mawe. Ikipungua, mkondo unaibeba juu juu na samaki haoni sababu ya kuondoka kivulini.

Simama chini ya mkondo, utupe kuelekea juu. Mahali ni pale maji ya kasi yanapopakana na maji yaliyotulia, nyuma ya jiwe kubwa au mwisho wa kokoto, pale povu linapojipanga mstari. Acha mto ufanye kazi. Jigi itadunda, itulie, idunde. Wewe kusanya mshipi uliolegea tu, ncha ya ufito ikitetemeka kidogo kama mkono wa mzee anayeshika kikombe. Besi wa mtoni mara nyingi hadonoi. Unachohisi ni uzito, au mshipi unaacha kwenda na maji na kuanza kwenda kando. Usivute kwa nguvu. Ndoana ni nyembamba, iko wazi, inua ufito nayo itaingia.

Mzee wangu alinionyesha hayo Gasconade, mwezi wa kumi, maji yakiwa yamepungua na majani ya mkuyu yakielea. Alikuwa na Beetle nyeusi iliyopauka, bila kibati. Katika kidimbwi kimoja kisichozidi upana wa barabara alitoa samaki saba, wote akawarudisha, kwa kuwa mdomo mdogo wa mito hii anahitaji miaka mitano au sita kufikia inchi 12. Wa saba alipoondoka mkononi mwake alikata mshipi, akaifungua ile jigi na kunipa. Ninayo.