Mizani Iliyochelewa: Historia Fupi ya Kupima Barafu ya Dunia

Leo tuweke kando PHP na hifadhidata, tuzungumze juu ya barafu. Najua mtauliza, mwandishi wa programu wa Nairobi na barafu ya Antaktika wapi na wapi? Subirini kidogo. Hii ni historia ya vipimo, na yeyote aliyewahi kulinda seva anajua kwamba mfumo usiopimwa huanguka bila kumwambia mtu.

Kwanza ukubwa wa kitu chenyewe. Dunia ina mabamba mawili makubwa ya barafu yaliyokaa juu ya nchi kavu: moja Greenland, jingine Antaktika. La Greenland likiyeyuka lote, bahari itapanda kwa wastani wa mita 7 hivi. La Antaktika, mita 58 hivi. Hilo si jambo la kesho wala la mwaka ujao, ni la karne nyingi. Swali la maana kwetu ni hili: je, mabamba haya yanapungua, na kwa kasi gani? Jibu lilichukua muda mrefu ajabu kupatikana.

Hapo zamani hata unene wa barafu haukujulikana. Mwaka 1930 Mjerumani Alfred Wegener, yule yule aliyetoa wazo la mabara kusogea, aliongoza msafara Greenland. Watu wake walilipua baruti juu ya barafu, kisha wakapima muda wa mwangwi kurudi kutoka kwenye mwamba ulio chini. Wakagundua kwamba katikati ya kisiwa barafu ina unene wa zaidi ya kilomita 2. Wegener mwenyewe hakurudi nyumbani. Novemba mwaka huo, akitoka kupeleka vifaa kwenye kituo cha katikati, alifia njiani pamoja na mwenzake Rasmus Villumsen, mwenyeji wa Greenland ambaye mwili wake haujapatikana hadi leo.

Sasa tazama: kujua unene si kujua mwendo. Ni kama kujua diski yako ina gigabaiti ngapi bila kujua inajaa kwa kasi gani.

Turuke hadi Januari 1978. John Mercer, mtaalamu wa barafu wa Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, alichapisha makala katika jarida la Nature. Alisema sehemu ya magharibi ya Antaktika ina udhaifu wa kimaumbile, kwa kuwa barafu yake imekaa juu ya mwamba ulio chini ya usawa wa bahari. Tukiendelea kuchoma makaa na mafuta bila kikomo, barafu hiyo inaweza kuporomoka na kuinua bahari kwa mita 5 hivi. Wapo waliomwona mtu wa kutia watu hofu.

Lakini Mercer alifanya jambo ambalo sisi wa programu tunalipenda: alitoa jaribio. Alisema dalili mojawapo ya hatari itakuwa kuvunjika kwa rafu za barafu kwenye Rasi ya Antaktika, kuanzia kaskazini na kushuka kusini. Rafu ya barafu ni ile barafu inayotoka nchi kavu na kuelea juu ya bahari, ikiwa bado imeshikamana na bara.

Mercer alifariki mwaka 1987. Januari 1995 rafu iitwayo Larsen A ilivunjika. Kisha mapema mwaka 2002 ikafuata jirani yake wa kusini, Larsen B. Setilaiti zilipiga picha kila kitu: kilomita za mraba 3,250 zilisambaratika kwa muda wa siku 35 hivi. Kaskazini kwanza, kusini baadaye, kama alivyoandika yule mzee.

Mtu atasema, barafu inayoelea haipandishi bahari, kama vile kipande cha barafu kikiyeyuka kwenye glasi maji hayamwagiki. Kweli kabisa. Ila rafu ile ilikuwa kizibo. Ilipoondoka, mito ya barafu iliyokuwa nyuma yake iliongeza kasi mara kadhaa, ikaanza kumwaga baharini barafu iliyokuwa juu ya nchi kavu. Hiyo ndiyo inayopandisha maji.

Mwezi ule ule wa Machi 2002, Marekani na Ujerumani zilirusha setilaiti pacha za GRACE. Hapa ndipo mimi huvua kofia. Setilaiti mbili zilifuatana angani, zikiachana kwa kilomita 220 hivi, kila moja ikimtumia mwenzake mawimbi ya redio bila kukoma. Ile ya mbele ikikaribia kitu kizito huvutwa na kuongeza mwendo kidogo, na umbali kati yao hubadilika. Mabadiliko hayo, madogo kuliko unene wa unywele, yalitosha kuonyesha uzito wa kilicho chini. Rudia mwezi baada ya mwezi, na unajua barafu imepungua kiasi gani. Binadamu akapata mizani.

Mizani ilihitajika kweli. Mwaka 2007 ripoti ya IPCC ilikadiria kwamba bahari ingepanda kwa sentimita 18 hadi 59 kufikia mwisho wa karne hii, lakini ikaeleza wazi kwamba hesabu hiyo haikuingiza uwezekano wa mito ya barafu kuzidi kuharakisha, kwa kuwa sayansi yake haikuwa imekomaa. Programu ilikuwa inaendesha, ila moduli moja muhimu haikuwa imeandikwa.

Leo hesabu ipo. Wanasayansi waliounganisha vipimo vya setilaiti mbalimbali wanasema kati ya 1992 na 2020 mabamba yote mawili yalipoteza tani bilioni 7,560. Tani bilioni 360 hivi zinainua bahari kwa milimita 1. Gawanya mwenyewe: milimita 21.

Na Mombasa je? Bamba la barafu ni zito kiasi cha kuvuta maji ya bahari kuelekea kwake. Likipungua, mvuto hupungua, maji yaliyo karibu nalo hushuka na kusambaa mbali. Kwa hiyo pwani zilizo mbali na ncha, Lamu na Mombasa zikiwemo, hupata zaidi kidogo ya wastani. Wanaodhani umbali ni kinga wamekosea hesabu.

Jambo moja la mwisho. GRACE ilipangiwa miaka 5, ikatumika 15, ikaisha Oktoba 2017. Pacha waliofuata hawakurushwa hadi Mei 2018. Katikati kuna pengo la miezi kadhaa ambayo mizani hiyo haikuandika chochote, na hakuna nakala ya akiba ya kulijaza. Onyo la Mercer lilitangulia mizani kwa miaka 24. Sasa mizani tunayo, na pengo lile linaonyesha jinsi ilivyo rahisi kuipoteza. Serikali zikibana bajeti, vipimo kama hivi vinakuwa rahisi kukatwa, kwa sababu siku ya kwanza hakuna anayeona tofauti. Muulize yeyote aliyezima ufuatiliaji wa seva ili kuokoa pesa.