Fundi, Mhamaji au Kibarua?

Anayefuatilia futiboli ya Marekani kwa Kiingereza hachelewi kukutana na neno "journeyman". Huitwa hivyo mchezaji anayeonekana msimu mmoja Seattle, mwingine Arizona, kisha jina lake likapotea magazetini. Wanaotafsiri kwa haraka huona humo safari, wakaandika "mchezaji msafiri". Safari haimo. Neno hilo limetokana na lile la Kifaransa la siku, yaani ujira wa kutwa. Katika miji ya Ulaya ya zamani, kijana alianza akiwa mwanagenzi. Akihitimu, alikuwa fundi kamili, lakini karakana hana, basi akawa anafanya kazi kwa mwenye karakana na kulipwa kwa siku. Kwa hiyo neno lina mambo matatu: ujuzi uliokamilika, kukosa mahali pako, na malipo ya muda mfupi. Kusafiri ni matokeo tu.

Kabla ya kulitafutia jina, tumwone mmoja wa wanaoitwa hivyo: mchezaji wa mstari wa mbele wa ulinzi. Katika mchezo huo, ngome ya ulinzi huanza na watu watatu au wanne wanaoinama, mkono mmoja chini, wakitazamana na watu watano wa timu yenye mpira. Wengi wao huzidi kilo 120. Anayejua raga awafikirie mapropu wa skramu, ila hapa mgongano hurudiwa makumi ya mara katika mechi moja. Wa ndani huziba njia ya mkimbiaji; wa pembeni humwinda mrushaji mpira ili wamwangushe kabla hajarusha. Kuwaita "walinzi wa mstari" kunapotosha, kwa kuwa msomaji wetu akisikia mlinzi humfikiria beki aliyesimama karibu na lango lake. Hawa hushambulia. Kiswahili cha soka tayari kina kiungo mkabaji, kwa hiyo "mkabaji wa mstari wa mbele" litaeleweka bila maelezo mengi.

Sasa turudi kwa "journeyman". Hapa Isiolo, kaskazini mwa Kenya, pendekezo la kwanza linalomjia mtu ni "mchezaji wa kuhamahama", na mimi mwenyewe nalipenda kulisikia. Lakini hapa watu wanajua kuhama ni nini. Waborana hugawa mifugo yao mara mbili: warra ni ile ya maziwa inayobaki karibu na nyumbani, fora ni ile inayopelekwa mbali na vijana kufuata majani na maji. Kijana wa fora hazururi. Wenye mifugo wamekubaliana aende wapi, na wazee wa dedha, yaani eneo la malisho, wamepanga ni malisho gani yafunguliwe wakati wa mvua na yapi yawekwe akiba ya kiangazi. Uamuzi uko kwa wahamaji wenyewe. Ukimpa mkabaji wetu jina hilo, unampa mamlaka asiyokuwa nayo.

Yeye hahami, anahamishwa. Timu za NFL, ligi kuu ya mchezo huo, ni 32, na kila moja huruhusiwa kuwa na wachezaji hadi 90 kambini wakati wa kiangazi cha kule. Kufikia mwisho wa Agosti lazima wabaki 53. Piga hesabu: kambi zote zikiwa zimejaa, watu 1,184 hupoteza nafasi karibu kwa mpigo mmoja. Aliyeachwa akiwa bado na misimu michache, timu nyingine zina saa 24 za kumdai. Asipodaiwa, yuko huru, maana yake hana kazi. Wenye bahati huingia kikosi cha mazoezi chenye nafasi 16, ambako mshahara huhesabiwa kwa wiki. Hapo mtu anaweza kuachwa Jumanne na kuitwa tena Alhamisi.

Watu wa asili ya Afrika Mashariki wamepita huko. Mathias Kiwanuka, mjukuu wa Benedicto Kiwanuka aliyekuwa waziri mkuu wa kwanza wa Uganda, alikuwa mkabaji wa pembeni wa New York Giants. Alichaguliwa raundi ya kwanza ya uteuzi wa wachezaji wapya mwaka 2006, akabaki klabu hiyo hiyo hadi walipomwachia mwaka 2015. Huyo alikuwa na karakana yake. Rees Odhiambo, mzaliwa wa Nairobi, alicheza upande wa pili wa mstari, akiwazuia wakabaji. Seattle Seahawks walimchukua raundi ya tatu mwaka 2016, wakampa nafasi ya kuanza mwaka 2017 mwenzake alipoumia goti, na mwaka 2018 wakamwachia. Daniel Adongo, aliyecheza raga Afrika Kusini na New Zealand, alisajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013 na hutajwa kuwa Mkenya wa kwanza kucheza mechi ya NFL. Kufikia mwisho wa 2015 alikuwa nje.

Hata hivyo, wingi wa klabu pekee hauthibitishi lolote. Mwanasoka Mkenya McDonald Mariga alipita Helsingborg, Parma, Inter Milan na klabu za Hispania, lakini hakuna ambaye angemwita "journeyman", kwa kuwa klabu zilishindana kumnunua.

"Fundi" lingefaa kama soka lisingelichukua mapema: fundi wa mpira ni yule mwenye chenga na pasi za macho. "Mamluki" ni tusi, tena linawahusu wanaochezeshwa kinyume cha kanuni. Linabaki "kibarua". Asili yake ni barua ndogo, kadi aliyopewa mfanyakazi wa kutwa ili siku zake zihesabiwe, na hapo tunakutana na yule fundi wa Ulaya bila kumwazima. Kurasa za michezo zinalijua pia: timu huwa na kibarua kigumu, na kocha akifukuzwa kibarua chake kimeota nyasi. (Msemo huu haukutungwa na mfugaji, kwake nyasi zikiota ni heri.)

Wapo watakaosema kibarua ni jina la dharau. Dharau hiyo ni ya wanaokaa ofisini. Anayelipwa kwa wiki kwa kazi ambayo duniani kote wanaiweza mamia machache tu ana ujuzi usiohitaji kutetewa. Wahariri na watangazaji wa michezo, andikeni na kutamka "mkabaji kibarua", na "msafiri" mwachieni abiria wa basi la Moyale.