Vepu Ilibuniwa Kuua Sigara, Je Aliyeibuni Mwenyewe Aliacha?

Wadau, kabla hujaichukulia vepu kama fasheni ya kutokea, jua ilikotoka.

Mwaka 1963 Mmarekani mmoja aliomba hataza ya sigara isiyo na moshi wala tumbaku. Haikupata soko, enzi hizo kuvuta sigara ndo ilikuwa ujanja.

Mwaka 2003 mfamasia mmoja wa China akaja na yake. Jamaa alikuwa anavuta kinoma na alitaka kuacha. Baba yake, naye mvutaji, alifariki kwa kansa ya mapafu. Kifaa chake cha betri kiligeuza maji ya nikotini kuwa mvuke bila kuchoma tumbaku.

Inasaidia? Uingereza waliwafuatilia watu 886 waliotaka kuacha, matokeo yakatoka 2019. Baada ya mwaka, waliopewa vepu walioacha sigara ni asilimia 18. Waliopewa vibandiko, bigijii na vitu kama hivyo vya nikotini, karibu asilimia 10. Ila kati ya hao walioacha kwa vepu, asilimia 80 bado walikuwa wanaivuta vepu yenyewe.

Na yule mfamasia? Miaka kama 10 baadaye aliwaambia waandishi kwamba sigara bado anaigusagusa.

Kwa mvutaji, vepu ni daraja, na daraja ni la kuvuka, si la kuhamia. Kama hujawahi kuvuta, unavuka kwenda wapi?