Sol Campbell na maputo ya Yuda

Waandishi wa habari walioitwa na Arsenal mwanzoni mwa Julai 2001 walijua wanakwenda kutambulishiwa kipa. Richard Wright alikuwa anatoka Ipswich Town, habari ya kawaida ya kipindi cha usajili, na si kila gazeti lilihangaika kutuma mtu. Aliyeingia chumbani pamoja na kocha Arsène Wenger hakuwa kipa. Alikuwa Sol Campbell, ambaye hadi siku chache nyuma alikuwa nahodha wa Tottenham Hotspur.

Msomaji wa Dar es Salaam hahitaji maelezo marefu. Mchukue nahodha wa Yanga, aliyelelewa klabuni tangu hajaota ndevu, mvalishe jezi nyekundu ya Msimbazi, kisha Jangwani wasiambulie hata shilingi moja ya kupozea machungu. Hapo unakuwa umekaribia kuielewa kaskazini ya London ya mwaka ule.

Campbell alitundika daluga mwaka 2012. Tangu hapo kesi yake imekuwa ikifunguliwa na kufungwa, ikifunguliwa na kufungwa, na ukiwasikiliza mashabiki wa Spurs wa umri wa makamo utagundua jambo moja. Hukumu juu ya uhamisho wenyewe haijalegea sana. Wanachokiona kwa jicho jingine siku hizi ni mwenendo wao wenyewe majukwaani.

Chuki ile aliikuta. Arsenal walikuwa timu ya Woolwich, kusini ya mto Thames, hadi walipohamia Highbury mwaka 1913 na kuwa majirani wa Spurs bila kukaribishwa. Mwaka 1919, Ligi ilipoongezwa timu baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kura zikapigwa: Arsenal wakapandishwa Daraja la Kwanza ingawa walikuwa wamemaliza nafasi ya tano Daraja la Pili, na Spurs wakashushwa. Hadi leo Arsenal hawajashuka tena, na hadi leo wapo wazee wa Tottenham wanaosimulia kura ile kama imepigwa juzi.

Hata hivyo watu walikuwa wameshavuka barabara ile kabla ya Campbell. Pat Jennings, kipa wa Ireland Kaskazini, aliuzwa na Spurs kwenda Arsenal mwaka 1977 kwa pauni 45,000, akadaka Highbury miaka minane, kisha akarudi Spurs na kupokewa kama mtoto wa nyumbani. Hadi leo anapendwa pande zote mbili. Lakini Jennings aliuzwa: klabu ilidhani umri umemtupa mkono, na ikabaki na aibu ya kukosea hesabu. Shabiki hana sababu ya kumlaani mchezaji aliyefukuzwa na wenye nyumba.

Campbell alikuwa habari nyingine kabisa. Alizaliwa mashariki ya London mwaka 1974, akaingia Spurs akiwa kijana, akacheza mechi yake ya kwanza ya timu kubwa Desemba 1992 dhidi ya Chelsea na kufunga bao siku hiyohiyo. Akacheza mechi 255 za ligi. Yeye ndiye aliyepokea Kombe la Ligi pale Wembley mwaka 1999, na kombe hilo lilikuwa karibu chote walichokuwa nacho cha kujivunia, maana Spurs ya miaka ile ilikuwa timu ya kumaliza katikati ya msimamo na kubadilisha makocha. Beki wa kati mwenye nguvu na mbio kwa pamoja, wa aina yake Ulaya nzima walikuwa wachache.

Mkataba wake ulikuwa unaisha katikati ya 2001. Kabla ya hukumu ya Bosman ya Desemba 1995 hilo lisingekuwa na uzito mkubwa, kwa sababu klabu iliweza kudai ada hata kwa mchezaji aliyemaliza mkataba. Baada ya hukumu ile mchezaji huru akawa huru kweli. Spurs walimpa ofa ambayo ingemfanya mchezaji anayelipwa zaidi katika historia yao, akasema atafikiria. Mwezi ukaisha, na mwingine. Februari 2001 klabu yenyewe ikauzwa kwa kampuni ya ENIC, Machi kocha George Graham akafukuzwa (naye alikuwa mtu wa Arsenal, jambo ambalo mashabiki hawakulisahau hata siku moja), akaja Glenn Hoddle. Katika mkanganyiko huo nahodha akaachwa afike mwisho wa mkataba. Kila mtu alidhani anakwenda Barcelona, au Italia, au Ujerumani.

Kumbe alikuwa anatembea bustanini. David Dein, aliyekuwa makamu mwenyekiti wa Arsenal, amesimulia jinsi Campbell alivyokuwa akifika nyumbani kwake usiku, wakazunguka bustani wakizungumza gizani ili asiwepo wa kuwaona. Sijui kama yupo shabiki wa Spurs anayeweza kusoma habari hiyo bila kukunja ngumi. Kuhama ni jambo moja. Mikutano ya usiku, huku mchana umevaa kitambaa cha unahodha na umeshatamka hadharani kwamba Arsenal hutacheza kamwe, ni jambo jingine, na kwa wengi kidonda kilianzia hapo. Fedha zilizotajwa, hadi pauni 100,000 kwa wiki, zilikuja kutia chumvi.

Tarehe 17 Novemba 2001 alirudi White Hart Lane na jezi ya Arsenal. Mashabiki walikuwa wamejiandaa. Maputo kwa maelfu yalipeperushwa, yamechapwa neno moja, Yuda. Basi la Arsenal lilirushiwa vitu njiani. Kila alipogusa mpira uwanja ulizomea kwa pamoja, dakika zote 90. Campbell hakuonyesha lolote usoni. Alicheza mechi ile kama mtu aliyeziba masikio kwa pamba, na kwa viwango vya mpira ilikuwa kazi safi. Robert Pires aliifungia Arsenal mwishoni, na katika dakika za majeruhi shuti la Gustavo Poyet likamponyoka kipa, 1-1. Kipa mwenyewe alikuwa yule Richard Wright, ambaye Julai waandishi walikuwa wamemfuata yeye.

Yuda wa Biblia alilipwa vipande thelathini vya fedha, lakini katika kisa hiki jina lilimkaa kwa sababu nyingine pia: makombe yakaanza kuja. Msimu wake wa kwanza Arsenal walichukua Ligi Kuu na Kombe la FA. Msimu wa 2003/04 wakamaliza ligi bila kufungwa, yeye na Kolo Touré katikati ya ngome. Na ubingwa ule waliukamilisha wapi? White Hart Lane, tarehe 25 Aprili 2004, kwa sare ya 2-2. Adui mbaya kabisa asingeweza kupanga ratiba ya kuumiza namna hiyo.

Huku kwetu tulimfahamu Campbell huyo tu. Kizazi kilichojaa kwenye vibanda umiza vya Manzese na Kawangware kuwatazama Henry, Kanu na Lauren kilimkuta nyuma akiwa mlima, na wengi hawakujua kwamba kuna mtaa wa London ambako jina lake halitajwi mbele ya watoto. Shabiki wa Arsenal wa Afrika Mashariki hakuwa na cha kumsamehe. Kwake maswali yalikuja baadaye, usiku wa tarehe 1 Februari 2006.

Usiku huo West Ham walikuja Highbury na kuongoza kwa mabao mawili yaliyotokana na makosa ya Campbell. Wakati wa mapumziko aliomba asirudi, akabadili nguo, akaondoka uwanjani mechi ikiendelea. Arsenal walilala 3-2. Siku zilizofuata hakuonekana mazoezini, na mashabiki wale wale waliomwimba walisema maneno mazito: mwoga, amewakimbia wenzake. Wakati ule mchezaji aliyezidiwa kichwani hakuwa na jina la heshima la kujieleza. Miezi mitatu na nusu baadaye, Paris, fainali ya Ligi ya Mabingwa, kipa wa Arsenal, Lehmann, ametolewa kwa kadi nyekundu dakika ya 18, na katika dakika ya 37 Henry akapiga mpira wa adhabu, Campbell akaruka juu ya kila mtu na kufunga kwa kichwa. Barcelona walishinda 2-1 kwa mabao ya Eto'o na Belletti, lakini bao la Arsenal katika fainali ile lilikuwa la yule aliyetoroka. Ukisikiliza mashabiki wa Arsenal leo, nusu ile dhidi ya West Ham haiitwi woga tena. Mtu alikuwa amezidiwa, wanasema, na hakuna aliyemuuliza.

Kwa Spurs mambo yaligeuka mahali ambapo wengi hawapendi kupakumbuka. Tarehe 28 Septemba 2008 walikwenda Portsmouth, ambako Campbell alikuwa nahodha na Mei ya mwaka huohuo alikuwa ameinua Kombe la FA. Portsmouth walishinda 2-0. Kutoka jukwaa la wageni zilipanda nyimbo ambazo hazikuwa na uhusiano wowote na mkataba wala ahadi. Zilimtukana kwa rangi yake, zikamzulia habari za chumbani, zikamtakia kifo. Kwa miaka saba watu walikuwa wakisema ni utani wa jadi, ni hasira ya mpira, ukitaka ukimya nenda maktaba. Safari hii polisi wa Hampshire walichapisha picha za nyuso zilizokuwa zikiimba. Klabu ya Tottenham ikalaani. Kesi zikafika mahakamani mwaka 2009, na waliopatikana na hatia wakapigwa marufuku kuingia viwanjani.

Picha zile zilifanya ambacho mahubiri hayakuweza. Mtu aliyeimba katikati ya maelfu hajioni. Akikuta sura ya jirani yake wa kiti gazetini, mdomo wazi, mishipa ya shingo imesimama, anaanza kujiuliza yeye mwenyewe alikuwa akiimba nini. Yuda lilikuwa tusi lenye hoja ndani yake. Nyimbo za Fratton Park, uwanja wa Portsmouth, hazikuwa na hoja hata moja, na baada ya hapo ikawa vigumu kuzitenganisha: kila aliyetaka kueleza kwa nini Campbell alistahili kuzomewa alilazimika kwanza kueleza kwamba hakuwa miongoni mwa wale.

Mwenyewe hakurahisisha kazi ya kupendwa. Kitabu cha maisha yake kilipotoka mwaka 2014 alidai kwamba angekuwa mweupe angekuwa nahodha wa England kwa zaidi ya miaka kumi. Alichezea taifa mechi 73, katika mashindano makubwa sita mfululizo kuanzia Euro 1996, na alivaa kitambaa mara tatu tu. Alichekwa. Mwaka 2015 akajaribu kupata tiketi ya chama cha Conservative kugombea umeya wa London, wakamkata mapema. Akachekwa tena. Akasema klabu zinapoteza akili kubwa kwa kutompa kazi ya ukocha, na kicheko kikaendelea, mpaka Novemba 2018 alipokubali kuichukua Macclesfield Town, iliyokuwa mkiani mwa daraja la nne, klabu yenye matatizo ya kulipa hata mishahara. Aliibakiza kwenye ligi siku ya mwisho ya msimu. Southend baadaye ilimshinda. Lakini baada ya Macclesfield lile dai la ubaguzi kwenye ajira lilianza kusikilizwa na watu ambao miaka mitano nyuma walikuwa wakilifanyia mzaha, nami naona walichelewa: idadi ya makocha weusi katika ligi za England ilikuwa wazi kwa yeyote aliyejua kuhesabu vidole.

Kariakoo husamehe haraka zaidi. Bernard Morrison alitoka Yanga kwenda Simba mwaka 2020 kwa mgogoro wa mkataba uliofika hadi Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, akaitwa kila jina, na mwaka 2022 Yanga wakampokea tena kwa shangwe. Clatous Chama alivuka upande wa pili mwaka 2024. Utani wetu una mlango wa kurudia, na wachezaji wanaujua. Campbell alirudi Arsenal mwaka 2010. Spurs hakurudi, wala hajawahi kusema anajuta.

Mwaka 2023 Harry Kane, mfungaji bora wa historia ya Spurs, aliondoka kwenda Bayern München akiwa amebakiza mwaka mmoja wa mkataba. Klabu ilichukua mamilioni yake na mashabiki wakamtakia heri. Wapo wanaosema siku hizi kwamba angalau nusu ya lawama za 2001 ziende kwa waliokuwa ofisini, walioacha nahodha afike ukingoni huku wakijua Bosman imebadilisha sheria. Nakubaliana nao. Wapo pia wanaosema Campbell angekwenda Barcelona wangempigia makofi, na hao nao ni wakweli. Inabaki ile ahadi kwamba Arsenal hatacheza kamwe. Aliitoa mwenyewe, hakushikiwa bunduki, na shabiki aliyemwamini akanunua jezi yenye jina lake mwaka ule ana haki ya kuendelea kununa.